Mwaka Tuliopanguza Vitabu

Fundi seremala alileta msalaba bila jina. Alisema yeye anajua randa na misumari, herufi zinamshinda, na kwamba msalaba wa mwisho aliouandika familia iliukataa kwa sababu jina la marehemu lilianzia chini kushoto likamalizikia juu kulia. Basi msalaba ukaegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu Papa Boniface kule Lubunga, mweusi, rangi yake bado inanuka, na sisi waombolezaji tukawa tunaupita kila tulipokwenda kuchukua kahawa. Siku ya pili ya matanga binti yake, Béa, alinijia na kopo dogo la rangi nyeupe na brashi iliyobaki na nywele chache. "Mama Mapendo," akaniambia, "wewe ulitumika kazi na papa ku biblio. Utuandikie jina." Nikapokea brashi. Kisha nikakaa nayo mkononi saa nzima bila kuichovya, mpaka wanawake waliokuwa wakitwanga sombe ya majani ya muhogo wakaanza kunitazama. Si kwamba nimesahau kuandika. Nimepita miaka sabini lakini mikono yangu haitetemeki, namshukuru Mungu. Ni kwamba kulikuwa na jambo moja kati yangu na marehemu ambalo nilipaswa kulisema akiwa hai. Nilikuwa nimechelewa kwa siku mbili, au kwa maisha mazima, inategemea unaanza kuhesabu wapi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na kichwa kigumu. Ilikuwa Zaire, Chama kilikuwa kimoja, na maktaba za umma mjini Kisangani zilikuwa tatu: kubwa ya Makiso yenye veranda na vioo, ndogo ya Lubunga ng'ambo ya mto, na yetu ya Mangobo, ambayo watu waliiita biblio, basi. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha sita ya mbao. Mvua ikipiga mabati hakuna aliyemsikia mwenzake, na taa ilififia kila mara mitambo ya umeme ya Tshopo ilipochoka. Miguu ya makabati ilisimama ndani ya makopo ya maziwa yaliyotiwa mafuta ya taa ili mchwa wasipande, kwa hiyo chumba kizima kilinuka gundi kuukuu na kibatari. Wasomaji walirudi kwao na harufu hiyo kwenye nguo, na wake zao hawakuwa na haja ya kuwauliza walikotoka. Mkuu wa chumba hicho alikuwa Papa Boniface, mtu mfupi, msafi, mwenye abakosti moja, lile koti la enzi ya Chama lisilovaliwa na tai, iliyopauka mabegani kwa kufuliwa. Mimi nilikuwa msaidizi wake, wafanyakazi wote wawili tukiwa tumetimia.

Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kugusa kadi hata moja ya kweli, iwe ya kitabu au ya msomaji. Alinipa karatasi zilizopigwa mistari nikaandika alfabeti asubuhi hadi mchana: herufi zimesimama wima, hazishikani, hazina mikia, zote kimo kimoja. Huo ndio mwandiko wa kadi, na yeye mwenyewe alifundishwa hivyo hivyo na waliomtangulia. Nikitia kipindo kidogo kwenye herufi kwa kujifurahisha, aliichana karatasi polepole, bila hasira, akanipa nyingine. "Mutu anakuja kutafuta kitabu," alisema, "hakuye kutafuta mukono ya mutu. Kadi yako na kadi yangu, asijue gani ni ya nani." Nilimwona mkorofi tu. Mwezi wa nne alipanga kadi kumi juu ya meza, tano zake na tano zangu, akamwita Mama Sifa aliyeuza mikate ya mafuta mbele ya mlango wetu, azitenganishe. Mama Sifa alizigeuza, akazinusa hata, akasema zote ni za mtu mmoja. Papa Boniface akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Mchana ule tulikula lituma ya ndizi za kuponda na samaki wa liboke, aliyeokwa ndani ya majani, nyumbani kwa Mama Sifa, na kichwa cha samaki nikapewa mimi.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho wajukuu wangu wakikisikia wanadhani nawatania. Wakati ule majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku. Kila mtu alitakiwa awe na jina la wazee wake, na akiitwa mbele za watu aitwe Citoyen, yaani mwananchi, au Citoyenne kama ni mwanamke. Papa Boniface akawa Citoyen Lofemba. Mimi niliyekuwa Véronique nikawa Mapendo, jina la bibi yangu, na sina kinyongo nalo, nalipenda mpaka leo. Lakini kadi za wasomaji wetu zilikuwa za zamani: Jean-Pierre, Marie-Jeanne, Ignace. Tulibandika tangazo mlangoni kwamba waje wabadilishe. Wakaja wachache. Wengine walikuwa na vitabu vyetu majumbani, na kila mmoja aliogopa kwamba akija kubadilisha jina ataulizwa kitabu kiko wapi. Ndiyo sababu tulikuwa na masanduku mawili. Kisanduku kidogo kilikaa juu ya meza, kina majina mapya, watu kumi na tisa. Sanduku kubwa la majina ya zamani lilikaa chini ya meza, limefunikwa kitambaa. Tuliagizwa tulichome, Papa Boniface akakataa kimyakimya. Alisema ukichoma kadi umekichoma na kitabu chenyewe, maana hutajua tena nani anacho.

Kiangazi kilipoanza ikaja barua kutoka ofisi ya Chama ya eneo letu. Iliandikwa na Citoyen Basele, mhamasishaji, kijana aliyepanda haraka na aliyependa sana kipaza sauti. Barua ilisema chumba chetu hakionekani kuwasaidia wananchi, kwa hiyo mwisho wa mwezi wa saba kitapewa kundi la animation, wale waliocheza na kuimba sifa za Chama kila mgeni alipotua, waweke humo ngoma na sare zao na kufanyia mazoezi. Papa Boniface aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne. "Bon," akasema. "Banasema hatuna batu. Donc tutabaonyesha batu." Siku chache baadaye wenzetu wa Makiso na wa Lubunga walikaa kwenye meza yetu, kahawa na karanga katikati, wakapanga fête, yaani sherehe, ya vitabu: siku tatu, maktaba tatu, kila moja siku yake. Wasomaji wangesoma mbele ya watu kwa sauti. Na wale tuliojua kwamba wanaandika, kwa kuwa waliomba sana karatasi, wangeleta daftari zao. Alikuwepo Tonton Risasi, dereva wa lori la Bafwasende, aliyeandika kila safari yake kwenye daftari la shule, lori lilikwama wapi, nani alisukuma, nani alijifanya anasukuma. Citoyen Basele mwenyewe aligonga muhuri kwenye ruhusa, akidhani amepata jukwaa lingine la ngoma zake.

Papa Boniface alinipa kazi ya kuandika mialiko ya siku yetu. "Ufwate kisanduku kidogo," akasema, akaenda zake kikaoni Makiso. Nikahesabu mabenchi. Nikahesabu kadi. Watu kumi na tisa ndani ya chumba kile kirefu wangewapa haki wenye ngoma! Nilikaa kidogo, nikainuka, nikafunga mlango, nikalivuta sanduku kubwa. Nilijiambia kwamba haya ndiyo majina ambayo mama zao wanawaitia chakula, kwamba mwaliko si kitambulisho, kwamba hakuna askari atakayesoma mialiko ya maktaba. Mtu akitaka kukosea hakosi sababu. Niliandika mialiko zaidi ya sitini kwa mwandiko wa kadi, wima, safi, kila jina kama lilivyo kwenye kadi yake, na shingo ikaniuma nikafurahi kwamba inaniuma. Alasiri nilimpa Mama Sifa fungu zima. Kila aliyenunua mikate aliondoka na mialiko ya barabara yake, na jua halijatua hapakubaki hata mmoja. Papa Boniface aliporudi nilimsimulia kwa majivuno. Alivuta kiti akakaa. "Ulifwata sanduku gani?" akaniuliza, ingawa kitambaa kilikuwa bado kiko sakafuni.

Mwaliko mmoja ulikuwa wa Ignace, mwana wa Mama Albertine. Sikujua Ignace ni nani. Kadi ilisema mwanafunzi, na ilisema pia kwamba ana kitabu chetu kimoja. Mama Albertine alifurahi kuona bado kuna mtu anayemwita mwanawe kwa jina alilobatizwa. Akajifunga kikwembe kizuri, akaupeleka mwaliko mwenyewe hadi ofisi ya Chama, akampa mwanawe mbele ya watu wote: "Ignace, baba, wanakuita ku biblio." Ignace huyo ndiye Citoyen Basele. Nasikia wengine waliangalia dari.

Kesho yake asubuhi tuliitwa wote wawili. Mimi niliambiwa ningoje kwenye benchi la korido, Papa Boniface akaingia. Mlango haukuwa na ubao, ulikuwa na pazia tu la kitambaa chenye picha ya Rais, kwa hiyo kila neno lilinifikia. "Citoyen Lofemba, hii ni nini?" Basele aliuliza. "Majina ya wazungu! Ku fête yenye mimi mwenyewe niligonga kashe! Nani aliandika?" Papa Boniface hakungoja hata kidogo. "Ni mimi niliandika." Kiti kikalia. "Na ule mwanamuke wa kazi, iko pale inje?" "Ule?" alisema Papa Boniface, na nikasikia anavyocheka kwa dharau, yeye asiyecheka. "Ule anafungula madirisha na kupanguza vumbi. Kuandika bado hajue. Anaandika mubaya sana, Citoyen." Basele akamwambia aandike pale pale, jina la Ignace na saa ya fête. Nikasikia kalamu inavyokwaruza. Kisha karatasi mbili zikachakarishwa pamoja. "Ni mukono moja," akasema Basele.

Nitasema nilichohisi, hata kama hakinipambi. Kwanza nilikasirika. Miezi mitatu ya alfabeti, halafu anasema naandika vibaya! Ndipo nikaelewa anachofanya, na hofu ikanishika. Benchi lile na pazia vilitenganishwa na hatua nne. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama, kusogeza picha ya Rais pembeni na kusema maneno yale yale matatu aliyosema yeye. Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, nao ukaacha alama viganjani mwangu hadi mchana. Barabarani, tukirudi, Papa Boniface alisema bila kunitazama: "Ukisema, itakuwa batu wawili. Funguo itabaki na nani? Unyamaze, uchunge biblio." Nikatii. Kwa miaka mingi nimejisifu ndani kwa ndani kwamba nilinyamaza kwa amri yake. Si kweli. Amri ilikuja baadaye, barabarani. Pale kwenye benchi nilinyamaza kwa woga.

Ruhusa ya fête ikafutwa kwa maktaba zote tatu, chumba kikabaki kimeahidiwa wenye ngoma, na Papa Boniface akahamishiwa Bafwasende kwenda kupanga makaratasi ya ofisi fulani katikati ya msitu. Aliondoka na lori la Tonton Risasi, amekaa juu ya magunia ya chumvi na sanduku lake la chuma, mkewe na Béa mdogo wakiwa mbele na dereva. Nilitaka kumwambia kitu. Yeye akanitupia funguo kutoka juu. "Mafuta isikauke mu makopo," akasema. "Muchwa haingoje." Lori likaondoka. Nililia siku tatu, nikipanguza makabati na kulia, na siku ya nne nikachoka kulia. Nilikuwa nimemgharimu mtu kazi yake, nyumba yake na mji wake. Chumba hiki hawatakichukua, nikasema kwa sauti mbele ya vitabu, na wakitaka kukichukua watanikuta ndani.

Kusema ni rahisi. Zilibaki wiki mbili na sikuwa na njia. Mume wa Mama Sifa aliitwa Papa Saleh, fundi cherehani, mtu wa moja ya zile familia za Waislamu waliokuwepo mjini kabla ya mzungu. Alikuwa pia chef wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, na kazi yake kubwa ilikuwa salongo. Kila Jumamosi asubuhi wananchi wote walilazimishwa kutoka na majembe na mafagio kufanya kazi ya pamoja. Asiyetoka aliandikwa. Mahali pa kusafisha palichaguliwa na Papa Saleh. Siku moja nilikuwa nakula kwao, wali na maharage, naye alikuwa akimlalamikia mkewe. "Ule mutaro tumeusafisha samedi ine mufululizo. Sasa batu banakuja na kusimama tu, banashika jembe kama fimbo. Na Basele anataka batu mingi, anataka kuona kartie muzima. Nitabapeleka wapi?" Niliacha kutafuna. Fête bila ruhusa ni kosa. Kutokuja kwenye salongo ni kosa. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu yakitazamana. "Papa Chef," nikasema, "ku biblio kuna vumbi mingi sana." Akanitazama. Mama Sifa pia akanitazama, kisha akamtazama mumewe, na nadhani yeye alielewa wa kwanza. Papa Saleh alinawa mkono wake wa kulia polepole, kidole kwa kidole. "Vitabu ngapi?" akauliza. Nikamwambia elfu mbili na zaidi, bila vya Makiso na Lubunga, ambavyo navyo vina vumbi. "Vumbi ni uchafu," akasema. "Na uchafu ni kazi yangu. Alhamisi nitapiga filimbi kutangaza."

Jumamosi ile walikuja na majembe, mapanga na mafagio, wakayalaza nje chini ya madirisha sita, nami nikampa kila mmoja kipande cha kitambaa. Papa Saleh alikuwa amekata vitenge vyake vibovu usiku kucha wa Ijumaa, alisema mkewe, na alikuwa bado na uzi kwenye ndevu. Watu wa Makiso, niliowapelekea habari pamoja na wa Lubunga, walisukuma vitabu vyao kwenye mkokoteni wa pusupusu. Watu wa Lubunga walivuka mto na makasha mawili yaliyofungwa kwa turubai, wakafika suruali zimelowa magotini. Maktaba tatu, kama tulivyopanga kwenye kahawa. Chumba kilipojaa mpaka mlangoni nilipanda juu ya kiti nikatoa sheria, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotegemea. "Kila mutu atapanguza kitabu moja moja. Akimaliza atafungula katikati na kusoma ukurasa moja na sauti, tujue muchwa haikuingia ndani. Mwenye hajue kusoma, jirani atamusomea." Wakacheka. Halafu mtu mmoja, fundi baiskeli, akapanguza, akafungua, akasoma kuhusu ufugaji wa nyuki, akikwama na kurudi nyuma, na tulimsikiliza kuliko tunavyosikiliza mahubiri. Baada yake hapakuwa na haja ya kuwahimiza. Mama mmoja aliyeuza kwanga, mikate ya muhogo, sokoni alileta kitabu kwa jirani yake asomewe ukurasa, kisha akataka na ukurasa unaofuata, kwa sababu mtu ndani ya hadithi alikuwa ameachwa mlangoni, na yeye mama hangeweza kuondoka bila kujua kama alifunguliwa. Tonton Risasi, aliyekuwa amerudi jana yake, akatoa daftari kutoka kwenye shati. "Hii pia iko na vumbi," akasema. "Ya Bafwasende." Akalipanguza mbele ya watu wote, akasoma jinsi alivyombeba mtu mmoja juu ya magunia ya chumvi, na jinsi mtu huyo, kila lori lilipokwama, aliteremka na kusukuma na abakosti yake, na hakujifanya. Hakumtaja jina. Nilishika kabati.

Basele alifika jua likiwa kali, na nyuma yake kundi zima la animation, kwa sababu nao ni wananchi na salongo haikuwasamehe. Wasichana wawili wa kundi wakachukua vitambaa kabla hajafungua mdomo. "Hii ni salongo gani?" akauliza. Papa Saleh alikuja mbele na orodha ya waliohudhuria, kurasa tatu. "Tunasafisha, Citoyen. Wewe mwenyewe ulisema unataka kuona kartie muzima. Utazame." Basele akatazama. Nadhani alikuwa hajawahi kuona watu wengi hivyo mahali ambapo hawakuitwa kupiga makofi. Ndipo nikateremka kwenye kiti. Nikamnyooshea kitambaa na kitabu. "Kila mutu, Citoyen," nikasema. "Ulisema ku mikro: salongo haina mukubwa." Alinitazama muda ambao ulinitosha kuifikiria Bafwasende, na mahali pabaya kuliko Bafwasende. Kisha akachukua kitabu. Akakipanguza vizuri, kuanzia mgongoni, jinsi Papa Boniface alivyowafundisha wanafunzi wote waliopita chumba kile. Akafungua katikati, akasoma. Alisoma vizuri kuliko sisi sote, bila kukwama, na alipofika chini ya ukurasa alisita kidogo, kama mtu anayetaka kufunua mwingine. Hakufunua. Akakiweka mezani, akaenda nje, na kundi lake likabaki ndani hadi mchana.

Mwisho wa mwezi wa saba ulipita na hakuna ngoma iliyoletwa. Hakuna barua pia iliyokuja. Mwezi wa nane, nikifungua asubuhi, nilikuta kizingitini kitabu kilichofungwa kwa gazeti, kile ambacho kadi ya Ignace ilikuwa ikikidai. Nikaitoa kadi kwenye sanduku kubwa na kukirudisha kitabu mahali pake. Sikumsamehe, kwa sababu kitabu alikirudisha lakini mtu hakumrudisha. Papa Boniface alikaa Bafwasende miaka na miaka. Alianza kuazimisha vitabu kutoka kwenye lile sanduku lake la chuma, na Tonton Risasi alimpelekea vyetu vilivyozidi. Tuliandikiana. Barua zake na nakala nilizoweka za zangu zilikuwa na mwandiko mmoja, kiasi kwamba nikizitazama leo lazima nisome ndani ili nijue nani anamwandikia nani. Nilimweleza salongo yote, hata uzi kwenye ndevu za Papa Saleh. Benchi sikulieleza. Chumba nilikichunga miaka thelathini na moja, mafuta hayakukauka, na aliporudi mzee, akakaa Lubunga, nilivuka mto mara nyingi kunywa kahawa naye. Mara mbili nilianza: "Papa, siku ile ku korido..." Mara zote mbili alinyanyua mkono na kuniuliza habari za mchwa.

Nikaichovya brashi. "Béa," nikauliza, "niandike jina gani?" Akafikiri. "Ile yenye mama alikuwa anamwita." Nikapiga magoti mbele ya msalaba, nikaandika BONIFACE LOFEMBA, herufi zimesimama wima, hazishikani, hazina mikia, zote kimo kimoja. Nilipomaliza Béa aliinama karibu kabisa, akanyoosha kidole bila kugusa rangi, akafuata herufi moja baada ya nyingine. Alianza kulia, yeye ambaye alikuwa hajalia tangu juzi. "Kuyeni muone," akawaita. "Hii ni mwandiko ya papa. Ni papa mwenyewe aliandika! Aliandika wakati gani?" Wakaja wote, wajukuu, wapika kahawa, fundi seremala, wakasimama nyuma yangu kutazama mkono wa marehemu. Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikaweka brashi chini, nikashika ukuta, nikasimama.

"Hapana," nikasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje ya uzio waliisikia. "Ni mimi niliandika."